Jini Niliyemtunga

Mume wangu hakuwahi kunionea wivu kwa mwanamume yeyote pale Magongo, ingawa kutwa nilikuwa nikihudumia mafundi, madereva na makuli dukani. Aliyemwonea wivu ni jini. Tena jini mwenyewe nilimtunga mimi, nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, kati ya misumari na makopo ya rangi, nikichapa kwa kidole gumba kwenye simu iliyopasuka kioo.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumezika mtoto. Alizaliwa miezi yake imetimia, mzito, nywele zimemjaa kichwani, ila hakulia. Muuguzi alimfunga kwa leso niliyokwenda nayo, akaniacha nimshike kidogo, kisha akamchukua. Mume wangu ndiye aliyempeleka kwao, upande wa Kaloleni, kwa gari la kukodi, mimi nikiwa bado wodini nikitiwa maji ya dripu. Daktari nilipomuuliza alisema mambo haya hutokea. Hilo ndilo jibu nililopata, na nilirudi nalo nyumbani.

Wakati wa mimba mume wangu alikuwa ameanza kuniita mama kwa jina tulilomchagulia mtoto. Alipenda kulisema jina lile, hata nikiwa karibu yake aliniita kama niko ng'ambo ya barabara, nami nikaitika, "Abee!" huku nacheka. Baada ya mazishi jina halikuweza kuitwa tena, na langu la zamani alikuwa amekwisha kuliacha. Basi akawa ananiita "wewe". Wewe, maji yamekuja? Wewe, funguo ziko wapi? Hakuwa na ukali wala hakunyanyua mkono. Alikuwa anarudi kazini kwenye yadi ya makontena, anakula, anageukia ukuta. Ungemwona ungedhani ni mpangaji anayesubiri chumba kingine kipatikane.

Hakuwa hivyo nilipomjua. Alipokuwa akija kunichumbia kwetu Frere Town, Jumapili baada ya ibada, alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka mikono ina mistari ya pasi. Alinawa miguu bombani kabla ya kuingia ndani kwa mama, akipiga mluzi wa nyimbo za kanisani, na mama akimwambia hapana haja, sakafu ni ya saruji, yeye ananawa tu. Alikuwa na kisu kidogo. Alininunulia machungwa, akayamenya taratibu mpaka ganda likatoka zima, refu, halafu akanizungushia mkononi kama bangili. Tulikaa kibarazani mikono yangu ikinuka machungwa, na mama anakohoa ndani kutukumbusha yupo.

Mtu huyo ndiye niliyekuwa nikimtamani, na sikujua pa kumtafuta. Siku moja mvua ilinyesha, dukani hakuna mteja, nikaanza kuandika. Niliandika juu ya msichana anayechota maji kwenye kisima kikuukuu nyuma ya nyumba za Frere Town, na jini aliyekaa mle kabla mtu yeyote hajajenga pale. Jini anampenda. Anamtokea mchana kweupe kama mwanamume wa kawaida, shati lake limenyooka, ila hali chumvi na hawezi kuvuka kizingiti mpaka anawe miguu kwanza. Anamenya machungwa. Jina lake nililisoma kwenye kopo la rangi lililokuwa mbele ya macho yangu, nikaliona lina mvuto, nikambandika.

Sikukusudia asome mtu. Lakini mlango wa pili kutoka kwetu, kwenye ploti ile ile ya vyumba vya kupanga, alikaa msusi aliyetoka bara, mwanamke mchangamfu anayesukia wateja ukumbini. Yeye ndiye aliyekuwa akinijulia hali baada ya msiba, aniletee uji, akae nami bila kusema sana. Nilimwonyesha sura ya kwanza ili tupate la kuzungumza. Kesho yake akataka ya pili. Wiki iliyofuata alikuwa amenifungulia kundi kwenye simu na kuwaingiza wateja wake, na wateja wakaingiza dada zao. Nikawa natuma sura kila Ijumaa. Watu wa Changamwe, wa Mikindani, wa Likoni, sijawahi kuwaona kwa macho, wananiandikia, "Dada, usituweke hivi, jini amekwenda wapi?"

Msusi alikuwa akiwasomea kwa sauti huku anasuka. Nikirudi kazini nilimsikia kabla sijafika mlangoni.

"Aki huyu jini ako na tabia poa kuliko mabwana wa hii ploti yote."

"Lakini jini gani hana kwato?" mteja mmoja, mama wa Kimijikenda, alipinga siku moja. "Majini wote wana miguu ya punda. Hata mtoto ajua."

"Wachana na miguu yake, mama. Kwani wataka kumpanda?"

Walicheka mpaka kitana kikaanguka. Nami nilicheka, nimesimama pale na mfuko wa nyanya. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu hospitali. Nayasema haya kwa sababu baadaye nilisikia watu wakisema hadithi ile iliniletea giza. Giza lilikuwepo tayari. Hadithi ilikuwa dirisha dogo tu, na nililifungua kwa sababu nilikosa hewa.

Mume wangu aliletewa habari na wenzake yadini. Mke wa mmoja wao alikuwa amesukwa pale kwetu. Wakaanza kumtania: "Vipi, mwenzio wa kisimani hajambo? Amekuachia nafasi leo?" Alivumilia siku kadhaa bila kunigusia. Halafu Jumapili moja asubuhi, nimeshavaa nguo za kanisani, akanyoosha mkono.

"Nipe simu."

"Ya nini?"

"Nataka kusoma."

Hatukwenda kanisani. Alikaa ukingoni mwa kitanda akasoma tangu mwanzo, nami nikatoka kupika. Nakiri kwamba nilikuwa na furaha. Nilikuna nazi, nikatia tui zito, nikawa nachungulia pazia. Nilijiambia kwamba atajikuta mle ndani. Ataona mashati yake, mluzi wake, kisu chake, na atajua kwamba bado namwona. Labda ataniita kwa jina.

Wali ulipoiva nikaingia na sahani. Alikuwa ameiweka simu juu ya goti, kioo kimezimika.

"Huyu mtu ni nani?" aliuliza.

"Si mtu. Ni jini tu, wa kubuni."

"Nakuuliza ni nani."

"Ni wewe," nikasema.

Akanitazama kama mtu aliyetukaniwa mamake. "Mimi?"

"Chungwa," nikamwambia. "Ganda la chungwa. Si ulikuwa ukinivika mkononi, pale kibarazani kwa mama?"

"Mimi sijawahi kufanya hivyo."

"Umefanya. Si mara moja."

"Sijawahi. Mimi si mtu wa kumenyea mwanamke machungwa." Akasimama. "Usinitie mimi kwenye mambo yako. Kuna mtu anakufanyia haya, na mtu huyo si mimi."

Nilimtazama usoni nikitafuta uongo, sikuuona. Alikuwa amesahau kweli. Mtoto alipokwenda, alimchukua na yule kijana wa kibarazani, na huyu aliyebaki hakuwa na habari kwamba aliwahi kuwa mwingine. Niliweka sahani juu ya stuli. Wali ule alikula baridi, alasiri.

Tangu hapo akawa ananiuliza akirudi, "Alikuja leo?" Mwanzoni ilikuwa kejeli. Aliitupa huku anavua viatu, nami nikijibu, "Alikuja, akala chapati zako." Lakini kejeli nayo ikirudiwarudiwa huota mizizi. Ikafika siku aliuliza huku anatazama kitanda jinsi kilivyotandikwa, na nilipomjibu kwa mzaha hakucheka. Alikwenda dirishani akalifunga.

Mavyaa, mamake mume wangu, alikuja kutoka Kaloleni na gunia la mihogo na kuku aliyefungwa miguu. Sikumwogopa. Alikuwa mama mpole, mwembamba, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha usogee. Nilimwamkia, akaitikia, akanishika mikono akaigeuza viganja juu kama anayekagua mahindi. Tulikaa mkekani tukimenya mihogo, na mtoto wake alipotoka kwenda kuchota maji, akaniambia.

"Mwanangu, mimi pia walinipenda."

"Kina nani, mama?"

"Hawa. Nilipokuwa msichana nilipungwa. Nilichezewa ngoma mpaka nikazimia. Na wanangu wawili wa kwanza hawakukaa." Alitupa kipande cha muhogo ndani ya sufuria. "Jini akikupenda hutaka uwe wake peke yake. Mtoto kwake ni mke mwenza. Mtoto wenu hakufa bure, mwanangu. Kuna aliyemwonea kijicho."

"Mama, ile ni hadithi. Nimeitunga mwenyewe, hata jina nimelitoa dukani."

"Wewe wadhani umeitunga," alisema, na mkono wake ukanigusa shavuni. "Lakini usijilaumu. Anayependwa hana kosa."

Angenigombeza ningejua la kufanya. Lakini alikuwa ananipa kitu ambacho daktari alishindwa kunipa. Alikuwa akiniambia kwamba mwanangu hakwenda hivi hivi tu, kama mlango uliofungwa na upepo. Kulikuwa na aliyemtaka, na kulikuwa na aliyemwua, na aliyemwua alikuwa na jina. Nilimenya muhogo mwingine. Sikuamini hata neno moja, lakini moyo ulikuwa umetulia kumsikiliza.

Kanisa walilonipeleka lilikuwa la mabati, upande wa Miritini, nyuma ya mahali malori hulala. Ilikuwa Jumamosi mchana na joto lilikuwa kama la tanuri. Mchungaji alikuwa mtu mstaarabu, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza hali ya nyumbani, kisha akatoa bunda la karatasi. Mume wangu alikuwa ameipeleka hadithi yote ikachapishwa. Niliona mistari aliyoipigia kalamu. Alikuwa ameyatafuta machungwa yote.

Akina mama wawili walinifunga leso kiunoni, wakaikaza, ili nikianguka nisije nikafunuka. "Ukihisi kuanguka, anguka," mmoja alininong'oneza kwa huruma. "Tuko hapa, hutaumia." Mume wangu alisimama kulia kwangu, mavyaa kushoto. Mchungaji akaanza kwa wimbo, kisha sala, kisha akasoma kwa sauti ile sehemu ambapo jini anamwambia msichana kwamba atamsubiri hata awe bikizee. Nilikuwa nimeiandika nikiwa na mafua, huku mteja mmoja anapigia kelele saruji yake. Pale kanisani, midomoni mwa mtu mwingine, ilitisha hata mimi.

Halafu akamwita jini kwa jina. Alimwamuru atoke. Alilitamka jina lile kwa nguvu zote, mkono wake juu ya utosi wangu, na waumini wakalirudia, na mimi kichwani nikaliona kopo, na maneno ya chini yake yanayosema ifaayo kwa kuta za nje. Kicheko kilinipanda. Nilijiuma ulimi. Mabega yalianza kunitikisika na akina mama wakadhani ndiyo yenyewe, wakanisogelea.

Ndipo mume wangu akasema. Hakuongea na mchungaji wala na mimi. Aliongea na kile alichodhani kimo ndani yangu, karibu kabisa na sikio langu.

"Mwache mke wangu," alisema. "Mtoto ulikwisha kumchukua. Nilimbeba mimi mwenyewe, njia nzima nilimbeba magotini. Inatosha. Nini tena wataka kwetu?"

Na akalia. Hakuwa amelia hospitalini, hakulia mazishini, watu walinisimulia jinsi alivyoshika jembe akafukia mwenyewe macho makavu. Sasa alilia kwa sauti, mdomo wazi, kamasi zinamtoka, mkono wake umenibana bega mpaka mfupa ukauma. Kicheko changu kilikufa. Nilielewa kwamba amekuwa akimtafuta mtu wa kumwambia maneno hayo tangu siku ile, na hakumpata. Daktari hakumpa mtu. Kumwambia Mungu aliogopa. Mimi nilikuwa nimemtungia.

Basi nikaanguka.

Nilijiachia tu. Magoti nikayalegeza, akina mama wakanidaka, wakanilaza juu ya mkeka. Nikatikisika kidogo kama nilivyowahi kuona wengine wakitikisika, nikapiga ukelele mmoja, nikanyamaza. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Mume wangu alinipigia magoti akaniita kwa jina langu, lile la zamani, tena na tena, akinipangusa uso kwa kiganja. Nililala pale macho nimeyafumba, machozi yananitiririkia masikioni, na sikumbuki wakati mwingine katika ndoa yetu nilipompenda kama nilivyompenda dakika ile.

Yaliyofuata yalikuwa mazuri kwa muda. Nilifunga kundi, nikafuta sura zote mbele yake. Msusi alinijia juu. "Sasa umetuwachia wapi? Si ungewaozesha kwanza?" Nikamwambia nimechoka, naye akanitazama sana, akarudi kwa mteja wake. Mume wangu alirudisha mluzi. Alileta samaki wa kukaanga kutoka barabarani, akakaa kuzungumza juu ya yadi, mashine mpya, msimamizi mwenye maringo. Alianza kusema juu ya mtoto, yule aliyekwenda na mwingine atakayekuja, kwa pumzi moja. Nilijiambia kwamba uongo uliozaa amani kama hii si uongo mbaya.

Sikujua kwamba nilikuwa nimempa kitu ambacho nisingeweza tena kukichukua. Kabla ya siku ile jini alikuwa wasiwasi tu. Baada ya kuanguka kwangu, mbele ya mashahidi, jini alikuwa kweli.

Mwezi ulipita, na mwingine, na mimba haikuingia. Mavyaa alipiga simu akauliza kwa upole. Mume wangu akaanza tena kuchunguza kitanda. Alinyunyiza mafuta yaliyoombewa mlangoni, halafu kwenye mto wangu, na asubuhi nilikwenda kazini nywele zinanata. Nikiamka uso umechangamka alitaka nimsimulie ndoto. Siku moja nilikuwa nachambua mchele, nikakumbuka fundi mmoja aliyekuja dukani akaomba bawaba na kumbe ataka bomba, nikatabasamu. Nilipoinua kichwa alikuwa mlangoni.

"Wacheka na nani?"

"Na mchele," nikamwambia.

Akawa haniachi peke yangu, kisha akawa hawezi kukaa nami. Nikimgusa mkono ghafla alishtuka. Chai niliyompikia aliiacha ipoe, akaimwaga. Mtu mzima, mrefu kunipita, anayeendesha mashine ya kunyanyua makontena, alikuwa akinizunguka ndani ya chumba kimoja kama unavyozunguka mbwa usiyemjua.

Nikaamua kumwambia. Ilikuwa jioni, tumekaa na sahani zetu, taa imewashwa.

"Hakuna kitu," nilisema. "Hakukuwa na kitu. Siku ile kanisani nilijiangusha."

Alirudisha tonge sahanini.

"Nilikuona unalia. Nilitaka upumzike. Nilijiangusha makusudi, haki ya Mungu."

Alisogeza kiti nyuma polepole. Rangi ilikuwa imemtoka. "Ndivyo kinavyosema," alisema.

"Nani?"

"Mchungaji alinitahadharisha. Kikibanwa kitakana kwamba kipo. Kitasema ulijifanya." Alikuwa anazungumza kwa sauti ya chini, na hakuwa akinitazama machoni, alikuwa akitazama koo langu, mahali sauti inapotoka. "Kitasema kwa mdomo wako."

Nililia, nikaapa, nikataja mtoto. Kila nililosema lilimsogeza mbali zaidi, mpaka mgongo wake ukagusa mlango. Ndipo nilipoacha. Hakukuwa na neno lililobaki ambalo lingekuwa langu.

Alikwenda kukaa na ndugu yake karibu na yadi. Baada ya majuma kadhaa alikuja kuchukua nguo, mchana, ndugu yake amesimama kizingitini kumlinda. Kumlinda na mimi. Nilikuwa nimezikunja tayari, mashati nimeyapiga pasi. Alipopokea mfuko alisema, "Sikuchukii. Nataka ujue hivyo. Nakuogopa tu." Alikuwa amekonda. Nikamwambia awe akila vizuri. Msusi alikuwa ameacha kusuka, mikono imebaki hewani, na wateja wote wanatazama chini.

Nilirudi kwa mama, Frere Town. Mwaka uliofuata nikasikia ameoa kwao, msichana wa kanisani, na kwamba wamejaliwa mtoto wa kike. Nilifurahi, halafu nikaenda chooni nikakaa mpaka mama akaja kubisha.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mazishini mwa mavyaa. Mama alinikataza nisiende. Lakini mama yule alikuwa amenimenyea mihogo na kuniita mwanangu, na hakunidhuru kwa kukusudia. Nilipanda gari la Kaloleni nikafika watu wameshajaa chini ya turubai. Wazee walinipokea. Aliyekuwa mume wangu aliniona kwa mbali, amempakata mtoto. Alimgeuza mtoto uso, akauweka kifuani pake, akamfunika kwa kiganja, akahamia upande wa wanaume. Nilikwenda moja kwa moja jikoni, nikafunga leso, nikashika mwiko.

Mkewe ndiye aliyenifuata. Nilikuwa nageuza sima kwenye sufuria kubwa na moshi unanitoa machozi, akaja akachutama kando yangu kana kwamba anachochea moto. Msichana mdogo, uso wa duara, bado ana haya.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Pole na msiba."

"Tumekwisha poa." Alisukuma kuni. Akaangalia nyuma kama kuna anayesikia. "Dada, nataka kukuuliza na usinikasirikie. Ni kweli hukuwa na kitu?"

"Sikuwa na kitu."

"Hata kidogo?"

"Niliandika hadithi, mwanangu. Basi."

Kuni ziliwaka. Kisha maneno yakamtoka kwa haraka, huku amekodolea moto macho. "Juzi nilikuwa nafua, nikaimba. Wimbo tu, wa redioni. Akaja akasimama nyuma yangu, akaniuliza wimbo huo nimefunzwa na nani. Nikamwambia ni wa redio. Akasema redio haina betri. Na kweli haikuwa na betri, dada, lakini wimbo si mtu hukaa nao kichwani?"

"Hukaa nao."

"Amesema tukimaliza matanga tutakwenda kuombewa. Kule Miritini."

Niliacha kugeuza. Nilifikiria kumwambia mengi: achukue mtoto arudi kwao, amwendee mzee wa ukoo, amtafute mtu wa kumsemesha mumewe juu ya yule mtoto wa kwanza aliyembeba magotini njia nzima, kwa maana hapo ndipo palipo na kidonda. Lakini wanawake walikuwa wakija na masufuria, na nilikuwa na nafasi ya neno moja.

"Watakufunga leso kiunoni," nilimwambia. "Watakuwa wema sana. Atalia, na utamwonea huruma mpaka utake kufa. Usianguke. Umenisikia? Afanye afanyavyo, usianguke."

Aliitikia kwa kichwa. Sijui kama alielewa. Mama mmoja alituita, sahani hazitoshi, wageni wa bara wamefika na hawajala. Yule msichana akainuka, akajipangusa majivu, akachukua sinia nami nikachukua lingine, tukatoka pamoja juani kuelekea kwenye turubai, yeye mbele, mimi nyuma yake.